Sura ya Sita: Shamba Moja, Masomo Mawili

Kilo moja ya pamba mbegu inapowekwa kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika huko Mwamanyili, wilayani Busega, bei yake imekwishaamuliwa na mambo ambayo hayaonekani pale ghalani. Soko la dunia limesema lake. Thamani ya shilingi mbele ya dola imesema lake. Kati ya Kanda ya Ziwa na bandari ya Dar es Salaam kuna zaidi ya kilomita 1,100, na kila kilomita ina anayeilipia. Halafu kuna mvua ya Novemba, iliyowahi au iliyochelewa, na kuna udongo wa shamba lenyewe, kichanga cha mlimani au tope jeusi la mbugani.

Mchumi atakueleza vizuri habari za soko na dola. Mwanajiografia atakueleza vizuri habari za mvua na udongo. Umbali ni wa wote wawili, na hapo ndipo kila mmoja humwachia mwenzake, mwishowe ukakosa mwenye kuushughulikia. Sura hii ni kwa ajili ya kijana anayefikiria kusoma uchumi na jiografia kwa pamoja chuo kikuu, na kwa mzazi anayejiuliza kama shahada ya namna hiyo ina maana. Hoja yangu ni kwamba ina maana kubwa, na kwamba Usukuma, nchi ya Wasukuma ambamo Busega imo, umelipa gharama nzito kwa mipango iliyotungwa na watu waliojua upande mmoja tu.

Busega kwenye ramani

Mwamanyili ni kata ya Wilaya ya Busega. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, ukichukua Bariadi, Maswa na Meatu kutoka Shinyanga, na Busega kutoka Wilaya ya Magu mkoani Mwanza. Itilima ikamegwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta mkoa mzima una watu zaidi ya milioni 2.

Katika wilaya zote hizo, Busega peke yake ndiyo inayogusa Ziwa Victoria, kwenye Ghuba ya Speke. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma na Sirari inaikata wilaya hiyo, na pale Lamadi inaachana na barabara ya lami inayokwenda Bariadi, mwendo wa kilomita 70 na kitu. Upande wa mashariki kuna Hifadhi ya Serengeti, ambayo ushoroba wake wa magharibi unanyoosha mkono hadi karibu na ziwa. Lango la Ndabaka liko jirani na Lamadi. Kwa hiyo ndani ya wilaya moja ndogo kuna wavuvi, wakulima wa pamba na mpunga, wafugaji, wenye maduka ya kando ya barabara, watalii wanaopita, na tembo wanaovuka mpaka wa hifadhi usiku na kuingia mashambani.

Mtu aliyekulia hapo ameona mapema jambo ambalo vitabu vingi vya uchumi hulifikia mwishoni: nyumba mbili zenye nguvu kazi sawa na bidii sawa zinaweza kupishana sana kwa kipato kwa sababu moja iko kilomita 2 kutoka barabarani na nyingine iko kilomita 20.

Umbali unavyoingia kwenye bei

Tuchukue hesabu ya mfano. Tuseme kilo ya nyuzi za pamba inapata Sh 3,600 bandarini. Kilo 3 za pamba mbegu hutoa takriban kilo 1 ya nyuzi, kwa hiyo kilo moja ya mkulima ina Sh 1,200 ndani yake kabla ya makato. Tuseme kuchambua, kufunga marobota, kusafirisha, riba ya benki na ushuru vinakula Sh 900 kwa kila kilo ya nyuzi. Hizo ni Sh 300 kwa kilo ya pamba mbegu. Mbegu zinazobaki huuzwa kwa wakamua mafuta na wauza mashudu, nazo tuseme zinarudisha Sh 200. Mnunuzi anaweza kulipa Sh 1,100 asipate faida wala hasara.

Sasa mafuta ya lori yanapanda, na gharama ya kufika bandarini inaongezeka kwa Sh 150 kwa kilo ya nyuzi. Bei ya dunia haitabadilika kwa sababu ya lori la Busega. Anayepungukiwa ni mkulima, Sh 50 kwa kila kilo. Mwenye kilo 800 amepoteza Sh 40,000, na kwa familia nyingi hiyo ni sare ya shule na viatu.

Aliyesoma uchumi peke yake anaweza kuifanya hesabu hii, lakini mara nyingi ataiweka gharama ya usafiri kama namba moja kwa nchi nzima. Aliyesoma jiografia peke yake anaweza kuchora ramani nzuri ya barabara na viwanda vya kuchambua pamba asiiunganishe na kinachobaki mfukoni mwa mkulima. Aliyesoma vyote atachora ramani ya bei yenyewe: shilingi ngapi zinabaki hapa, ngapi pale, na barabara ipi ikitengenezwa itarudisha nyingi zaidi kwa wengi zaidi.

Fikra hiyo ina umri mrefu. Mwaka 1826, Johann Heinrich von Thünen, mwenye shamba aliyeishi Mecklenburg kaskazini mwa Ujerumani, alichapisha kitabu kilichotokana na daftari zake za mapato na matumizi. Aliwaza mji mmoja katikati ya uwanda wenye udongo wa aina moja, akauliza kila zao litalimwa wapi. Jibu lake likawa mzunguko juu ya mzunguko: maziwa na mboga karibu na mji kwa kuwa huharibika upesi, kuni zikifuata kwa kuwa ni nzito, nafaka mbali kidogo, na mifugo mbali zaidi kwa kuwa hujisafirisha yenyewe kwa miguu.

Ghuba ya Speke inatoa ushahidi wa kanuni hiyo kila siku. Sangara anayevuliwa alfajiri anahitaji barafu na gari la haraka kwenda kwenye viwanda vya minofu vya Mwanza. Kila saa ya kuchelewa inapunguza bei yake. Dagaa, wanaovuliwa kwa taa usiku usio na mbalamwezi na kuanikwa juani, wanaweza kungoja wiki nyingi. Ndiyo maana dagaa wa Ziwa Victoria husafiri hadi Dar es Salaam, Kenya na Kongo kwa gunia, bila barafu. Akina mama wa Usukuma wanaokatakata viazi vitamu na kuvianika kuwa michembe, au kuvichemsha kwanza vikawa matobolwa, wanafanya jambo hilohilo: wanaondoa maji na uzito ili chakula kishinde muda na umbali. Mwanafunzi anayesoma masomo haya mawili pamoja atajifunza kuipima kazi yao kwa shilingi na kwa kilomita, na ataona kwamba jua kali ni rasilimali ya uchumi sawa na mashine.

Gulio na sababu ya kuhamahama kwake

Vijiji vingi vya Usukuma vina gulio au mnada wa siku moja kwa juma. Jumatatu wafanyabiashara wako hapa, Jumatano wako kule, Jumamosi wako kwingine, wakibeba mitumba, sufuria, chumvi, dawa za mifugo. Kwa nini wasikae mahali pamoja?

Walter Christaller, Mjerumani mwingine, aliandika mwaka 1933 kuhusu miji ya kusini mwa nchi yake, akaeleza kwamba kila bidhaa ina idadi ya wateja ambayo bila hiyo haiuziki, na ina umbali ambao mteja hataki kuuvuka. Chumvi ina wateja kila nyumba, kwa hiyo kila kitongoji kina duka la chumvi. Baiskeli mpya hainunuliwi kila siku, kwa hiyo utaifuata Lamadi au Bariadi. William Skinner, katika miaka ya 1960, alikwenda mbele kwa kuchunguza masoko ya vijijini China. Alionyesha kwamba pale ambapo wateja wa kijiji kimoja hawatoshi kumweka mfanyabiashara mwezi mzima, mfanyabiashara huzunguka, akajumlisha wateja wa vijiji vingi kwa siku tofauti.

Swali la gulio ni la uchumi, kwa sababu linahusu kipato na mahitaji. Ni la jiografia pia, kwa sababu linahusu nafasi, njia na msongamano wa watu. Halmashauri inayotaka kujenga soko la kudumu lazima ijibu pande zote mbili kabla ya kumwaga zege. Wateja wasipotosha, vizimba vitabaki vitupu na wafanyabiashara wataendelea kufuata wateja wao kwenye magulio.

Mipango iliyojua upande mmoja

Historia ya Usukuma ina mifano mitatu ambayo kila mwanafunzi wa masomo haya angepaswa kuifahamu kwa undani.

Wa kwanza ni wa mbung'o. Kuanzia miaka ya 1920, chini ya utafiti ulioongozwa na Charles Swynnerton huko Shinyanga, serikali ya kikoloni ilihimiza kufyeka na kuchoma misitu ili kumnyima mbung'o kivuli. Kwa lengo lile, njia ilifanya kazi: mbung'o walirudi nyuma, na ng'ombe na pamba wakapata nafasi. Lakini mti ulikuwa pia kuni, dawa, kivuli cha mifugo, nguzo ya nyumba na chakula cha nyuki, na thamani hiyo haikuwekwa kwenye hesabu. Kufikia miaka ya 1980, maeneo makubwa ya Shinyanga ya zamani, iliyojumuisha Bariadi, Maswa na Meatu, yalikuwa makavu kiasi cha watu kuanza kuyaita jangwa.

Wa pili ni Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Wataalamu wake waliijua ardhi vizuri. Waliona mmomonyoko, wakahimiza matuta yaliyofungwa ili maji yasikimbie, na wakaanzisha sheria za kupunguza ng'ombe ili majani yapone. Kijiografia walikuwa na hoja. Walichokosa ni kuuliza ng'ombe alikuwa anafanya kazi gani katika uchumi wa kaya. Katika nchi isiyo na benki kijijini wala bima ya mvua, ng'ombe ndiye akiba, ndiye mahari, ndiye chakula cha mwaka wa njaa. Kumwambia mtu apunguze kundi bila kumpa mahali pengine pa kuweka akiba ni kumtaka ajivue kinga yake. Wakulima walizikataa sheria hizo, na chuki dhidi yake ikaingia kwenye siasa za uhuru. TANU ilipigwa marufuku katika eneo hilo kuanzia 1954 hadi 1958, lakini hasira haikuzimika.

Wa tatu ulikuja baada ya uhuru. Katika Operesheni Vijiji ya katikati ya miaka ya 1970, mamilioni ya Watanzania walihamishwa kwenda kwenye vijiji vya pamoja, vingi vikiwa kando ya barabara. Hoja ya uchumi ilikuwa na uzito: shule moja, zahanati moja na kisima kimoja vinahudumia watu wengi kwa gharama ndogo wanapokaa karibu. Wapo waliopata shule kwa sababu hiyo, na si haki kulisahau hilo. Ila katika Usukuma watu walikuwa wametawanyika kwa sababu. Kila kaya ilikuwa karibu na mashamba yake ya aina mbalimbali. Baada ya kuhama, mkulima alitembea mwendo mrefu kufika shambani, samadi ya zizini haikubebeka hadi kule, na ardhi iliyozunguka kijiji ililimwa mfululizo hadi ikachoka.

Kuhusu udongo huo, kuna fahari ambayo wanafunzi wetu hawaelezwi vya kutosha. Msukuma anapopanda kutoka bondeni kwenda kwenye mawe ya mlimani anavuka udongo wenye majina yake: mbuga chini, tope jeusi linalopasuka kiangazi, itogolo juu yake, mgumu na wa kijivu, kisha luseni, kichanga chepesi kinachopenda viazi na pamba. Kila mmoja una zao lake na msimu wake, na majaluba ya mpunga huchimbwa pale chini maji yanapotuama. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha Amani huko Usambara, alieleza kwa sayansi mfuatano huo wa udongo kwenye miteremko ya Afrika Mashariki, akauita katena. Leo neno hilo linafundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Lilizaliwa katika miteremko ya kwetu, na wakulima walikuwa wakiupanda mfuatano huo kwa mpangilio kabla Milne hajafika.

Kaya iliyokuwa na kipande cha mbuga, kipande cha itogolo na kipande cha luseni ilikuwa imejiwekea bima. Mvua ikizidi, mpunga unafurahi; ikipungua, mtama na viazi vinaokoa. Mpango uliowapanga watu kwa mstari mmoja wa barabara uliivunja bima hiyo bila kujua kwamba ipo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na ofisi iliyo mbali na shamba inahitaji elimu iliyo pana zaidi ili ifidie umbali huo.

Ngitili: jibu lililokamilika

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI. Badala ya kuleta sheria mpya, ulirudi kwenye desturi ya Wasukuma ya ngitili: kipande cha malisho kinachofungwa wakati wa mvua ili majani yakue, kisha kufunguliwa kiangazi wakati ng'ombe hawana pa kula. Kaya zilifunga ngitili zao na vijiji vikafunga za pamoja, chini ya ulinzi wa sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, na sheria za kijiji. Miti iliyokatwa zamani ikachipua kutoka kwenye mizizi yake iliyokuwa bado hai. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishwa, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Baadaye ilikuja kazi ambayo naiona kama kielelezo cha somo letu. Mwaka 2005 Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, mtaalamu wa uchumi wa misitu, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliouliza ngitili ina thamani ya shilingi ngapi kwa mwanakijiji. Walihesabu kuni, malisho, dawa, matunda, asali, nyasi za kuezekea, mbao, na muda uliookolewa na akina mama wasiokwenda mbali tena kutafuta kuni. Jumla ilikaribia dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania wakati huo ulikuwa kama dola 8.50 kwa mwezi.

Namba hiyo ilikuwa na nguvu ambayo picha ya msitu peke yake haina. Afisa mipango anaweza kuiweka mezani penye bajeti. Lakini isingepatikana bila mtu aliyejua miti ipi iliota wapi, na kijiji kipi kiko umbali gani kutoka kwenye ngitili. Masomo mawili yalikutana, na shamba likapata mtetezi.

Yanayosomwa darasani

Mtanzania huanza safari hii kidato cha tano. Kwa miaka mingi tahasusi za EGM, yaani uchumi, jiografia na hisabati, na HGE, yaani historia, jiografia na uchumi, ndizo zilizowakutanisha vijana na masomo haya kwa pamoja. Mwaka 2024 tahasusi ziliongezwa hadi kufikia 65, lakini EGM imebaki kuwa msingi imara kwa sababu ya hisabati yake.

Tatizo huja chuoni. Wengi hulazimika kuchagua: ama idara ya uchumi, ama idara ya jiografia. Njia ambazo bado zinaunganisha zipo. Shahada za sanaa na elimu humtaka mwanafunzi awe na masomo mawili ya kufundishia, na jiografia pamoja na uchumi ni uoanishaji unaofahamika. Chuo Kikuu Ardhi na Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, Dodoma, ambacho kina kituo pia Mwanza, hufundisha mipango ya maendeleo ya mikoa, fani iliyokaa katikati ya masomo haya. Nje ya nchi, Shule ya Uchumi ya London ina shahada inayounganisha jiografia na uchumi. Kabla ya kujaza fomu, soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu wa mwaka huo, kwa kuwa majina ya programu na vigezo hubadilika.

Mlimani penyewe, Dar es Salaam, kuna urithi wa kujivunia. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha BRALUP, ofisi ya kutathmini rasilimali na kupanga matumizi ya ardhi, ambayo baadaye ikawa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Mwaka 1971 Len Berry alihariri atlasi ya Tanzania iliyoweka mvua, mazao, barabara na watu katika ramani zinazosomeka pamoja. Nchi changa ilikuwa imetambua kwamba mpango wa uchumi usio na ramani haufiki kijijini.

Dunia nayo ilirudi kwenye wazo hilo. Paul Krugman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2008 kwa kazi yake kuhusu biashara na mahali shughuli za uchumi zinapojikusanya, na ripoti kuu ya maendeleo ya Benki ya Dunia ya mwaka 2009 ilihusu jiografia ya uchumi.

Mwanafunzi wa shahada ya pamoja husoma nadharia za bei na za pato la taifa, hisabati, takwimu na ekonometria. Upande wa pili husoma tabianchi, udongo, maji, makazi ya watu, usafirishaji, upimaji wa uwandani na mifumo ya taarifa za kijiografia, ambamo data huwekwa kwenye ramani za kompyuta tabaka juu ya tabaka. Picha za setilaiti za Landsat, zilizoanza mwaka 1972, zinapatikana bure tangu 2008. Za Sentinel-2, zilizoanza 2015, zinaonyesha kila kipande cha mita 10 kwa 10. Mwanafunzi aliye na kompyuta na intaneti anaweza kuona shamba la pamba la Busega lilivyobadilika msimu hadi msimu.

Kazi inayongoja

Nitaeleza pia ugumu wake. Shahada ya pamoja ni nzito. Anayekimbilia jiografia ili aepuke hesabu ataikuta hesabu inamngoja upande wa uchumi. Muda ukigawanywa kwa mawili, kila somo linapungua kina, na ukitaka kuendelea na shahada ya uzamili katika uchumi utahitaji kozi za ziada za hisabati. Matangazo mengi ya ajira hutaja jina moja la fani, kwa hiyo hakikisha cheti chako kinaonyesha wazi masomo yote mawili.

Ukishayakubali hayo, angalia kazi zilizopo. Sensa ya 2022 ilikusanywa kwa vishikwambi juu ya maeneo yaliyochorwa kidijitali. Sasa takwimu hizo zinahitaji watu wa kuzisoma kata kwa kata. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani wa Tabianchi uliidhinisha fedha za mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika Mkoa wa Simiyu. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na miji inayosubiri maji iko juu zaidi. Kila mita ya kupandisha ni umeme, kila kilomita ya bomba ni mtaji, na swali la mwisho ni ndoo itauzwa bei gani na nani ataimudu. Hilo ni swali la shahada ya pamoja kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Bima ya mazao inayotumia kipimo cha mvua ni mfano mwingine. Mkulima hulipwa kituo cha hali ya hewa kikionyesha ukame, bila kukaguliwa shamba. Utaratibu huo ni wa gharama nafuu, lakini mvua ya Usukuma inaweza kunyesha hapa na kuruka pale. Kituo kikiwa mbali, mkulima aliyeunguliwa na jua anaweza kukosa fidia huku kituo kikisoma mvua ya kutosha. Kupanga vituo viwe wapi na kiwango cha malipo kiwe kiasi gani ni kazi moja.

Kijana wa Mwamanyili anayetafuta mada ya tasnifu hana haja ya kwenda mbali. Apime bei ya dagaa kuanzia mwaloni, Lamadi, hadi Bariadi, aone ni sehemu gani ya ongezeko inatokana na umbali na ipi inatokana na uchache wa wanunuzi. Ahesabu hasara ya mazao yanayoliwa na tembo kadiri mashamba yanavyokaribia mpaka wa Serengeti, ailinganishe na mapato ya utalii yanayorudi vijijini. Achunguze msimu wa 2019, ambapo bei elekezi ya pamba ilitangazwa kuwa Sh 1,200 kwa kilo, soko la dunia likashuka, wanunuzi wakasita na wakulima wakasubiri fedha zao. Aulize vyama vilivyo karibu na viwanda na vilivyo mbali vilisubiri muda sawa au la.

Kwa vyuo vyetu nina ombi. Mruhusuni mwanafunzi huyo awe na wasimamizi wawili, mmoja wa uchumi na mmoja wa jiografia, na tasnifu yake ihesabiwe na idara zote mbili. Ikishapita, muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili na upelekwe kwenye ofisi ya kata na halmashauri iliyotoa data, usomwe kabla bajeti ya mwaka unaofuata haijapitishwa. Mipango mitatu niliyoitaja iliandikwa na watu wenye elimu, na kila mmoja uliacha shimo pale elimu yao ilipoishia. Gharama ya kuliziba shimo hilo ni miaka mitatu au minne ya kumfundisha kijana mmoja masomo mawili, na hakuna barabara wala bwawa litakalojengwa Simiyu kwa fedha kidogo kiasi hicho.